Konzi la Mwingereza

Sogea karibu, na mikono yako iweke mahali ninapoiona, maana habari hii ni ya vidole, na kila niliyewahi kumsimulia alijikuta ameufumba mkono bila kujua. Ufumbe basi, tuanzie hapo. Tazama vifundo vinne vinavyojitokeza. Ukimgonga mtoto navyo kichwani tunaita konzi, na sote tuliopita chuoni au shule ya msingi tunalijua konzi la mwalimu linavyolia kwenye fuvu. Sasa fikiria vifundo hivyo vimevishwa chuma, na upande wa kidole gumba unatoka ubapa wa kisu. Hicho ndicho kisu nilichokitafuta kwa miaka mingi pale Doha, na ndicho kilichokaribia kumpotezea rafiki yangu mkono wake wa kushoto. Nitakwenda polepole. Tukifika mwisho utaweza kukitambua mwenyewe, na utajua kitu kimoja cha kutofanya.

Jina la konzi nililipata kwa babu yangu mzaa baba. Alipigana vita vya pili upande wa Mwingereza, huko Uhabeshi, akarudi na meno machache na tabia moja mbaya. Akilala, alipiga ngumi. Mimi nililala chumba cha pili, nikisikia udongo wa ukuta ukidondoka vipande. Bibi alivunjwa pua angali bibi harusi. Tangu hapo, kila walipoingia kulala, alimfunga babu mikono miwili kwa kanga kuukuu, na babu mwenyewe alimnyooshea kama mtu anayetaka kunawishwa. Asubuhi alifunguliwa, akachukua jembe lake akaenda shamba.

Siku moja nilimuuliza huwa anamgonga nani.

"Wale niliowapiga konzi la Mwingereza," akasema.

Akaniambia kuwa sajini mmoja mzungu alikuwa na kisu chenye pete nne, akawaazima askari walioingia kwenye mahandaki ya Mtaliano. "Unapiga kwanza, halafu unageuza mkono. Wa kwanza taya lake lilivunjika kwa sauti kama ya muwa. Wa pili alikuwa amelala." Babu alifariki kabla sijaanza kunyoa ndevu, nami nikabaki na hamu ya kukiona kitu kilichomfanya mtu mzima afungwe kanga kila siku ya Mungu.

Nilifika Doha mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mlinzi wa jengo refu kule West Bay, wakati mengi ya majirani zake yalikuwa bado nondo na winchi. Kulala tulilala Industrial Area, kambi ya kampuni, chumba cha vitanda vya juu na chini, karibu na gereji na viwanda vidogo. Ijumaa ilikuwa siku yangu hadi zamu ya usiku. Baada ya sala nilipanda basi hadi soko la zamani, na huko, nyuma ya wauza ndege, palikuwa na duka la silaha za kale: majambia, panga za fedha, bunduki za kutia baruti kwa mdomo. Mwenye duka alikuwa mzee mwenye asili ya Oman aliyezaliwa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

"Unatafuta nini, mwanangu?" aliniuliza siku aliyochoka kuniona mlangoni. "Kila Ijumaa unanichungulia tu kama paka wa sokoni."

"Natafuta konzi la Mwingereza, mzee wangu."

Alicheka mpaka kofia ikamkaa upande. "Konzi! Mie nimepigwa mengi hayo Unguja, tena bure. Wewe wataka kulinunua?"

Nilimweleza habari za babu. Aliacha kucheka. Akaagiza chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki, akafungua droo ya chini, akatandika kitambaa cheusi juu ya meza. Tangu siku ile nikawa mtu wake wa Ijumaa. Nilifuta vumbi, nilibeba makasha, naye akanifundisha.

Ngoja nikupitishe na wewe kama alivyonipitisha yeye. Alianza kwa kuweka kisu kizito chenye mpini wa pete nne, akasema nisome ubavuni. Palikuwa na herufi za Marekani na mwaka. "Amejitaja mwenyewe," akasema. "Nusu ya wanaokuuzia kisu cha Mwingereza wanakuuzia hichi hapa, na hawajui, maana hawasomi." Kwa hiyo soma kabla ya kushangaa.

Vya Mwingereza vina tabia nyingine. Vile vya vita vya kwanza vingi havikutolewa na serikali. Ofisa alijinunulia dukani kabla ya kupanda meli, au fundi wa kikosi alikata singe iliyovunjika akaitengenezea mpini. Ndiyo sababu havifanani. Kuna vyenye mpini wa aluminiamu uliofinyangwa kufuata vidole, mwepesi, umekuwa wa kijivu kama jivu la mkaa. Ukiletewa viwili vya vita vile vinavyofanana kama pacha, uliza vimezaliwa wapi. Na jihadhari na alama ya mshale, ile ya mali ya serikali ya Kiingereza, ambayo mzee aliiita unyayo wa kuku. Waghushi wanaipenda kupita kiasi. Wanaipiga katikati kabisa, mahali pa kuonekana, juu ya vitu ambavyo serikali haikuwahi kuvinunua.

Vya vita vya pili, kimoja kinachojulikana ni cha chuma cheusi cha kumimina, chenye herufi B na C na namba 41. Herufi zile maana yake watu wanabishana hadi leo, nami sitakudanganya kwamba naijua. Halafu kuna vile vya shaba ya manjano, vilivyomiminwa Misri kwa ajili ya makomandoo wa Mashariki ya Kati. Hivyo ndivyo nilivyovitaka, kwa kuwa watu wale walifika mpaka Uhabeshi, kwenye vita vya babu.

Lakini mzee hakutaka nijue alama peke yake. Baada ya Idi ya kuchinja alinunua kichwa cha kondoo na bega lake pamoja na mbavu, akavitundika uani nyuma ya duka, akanipa kisu kimoja cha chuma cheusi na kimoja cha mapambo kilichotengenezwa juzijuzi.

"Haya. Piga."

"Nipige kichwa cha watu, mzee?"

"Cha kondoo. Na umeshakunywa supu ya ndugu yake jana, usijifanye huruma. Piga."

Nilipiga kwa kile cheusi. Mfupa wa shavu ulizama kama ganda la yai na jicho likatoka likaning'inia kwa mshipa. Sikuhisi kitu mkononi, na hilo ndilo lililoniogofya. Akaniambia nigeuze mkono nichome bega. Ubapa ukaingia kati ya mbavu bila kusita, na ulipotoka ulitoka na sauti ya kunyonya. Nikatapika chai karibu na ndoo. Mzee akanimiminia maji, akangoja, akaniambia nirudie kwa kile cha mapambo. Safari hii nilipiga nikapiga kelele mimi. Pete zilinikandamiza vidole mpaka ngozi ikachubuka.

"Sasa tazama tofauti," akasema kwa upole, kana kwamba tulikuwa tukisoma juzuu. Kile cha kweli kilikuwa na kitako nyuma ya pete, kipande kilichokaa kiganjani, ili pigo lishuke kwenye kiganja na mkono wote. Kile cha mapambo kilikuwa pete tupu. "Aliyekitengeneza kile alimfikiria mtu atakayerudi hai. Aliyekitengeneza hichi alimfikiria mnunuzi."

Miaka ikapita namna hiyo. Kisha likaja sanduku kutoka Cairo, lenye vipini vilivyovunjika na vifungo vya sare, na chini yake kisu cha shaba. Kilikuwa kizito, kimekuwa cha kahawia kama tende, na kwenye pembe kilikuwa cheusi. Ubapa ulipita ndani ya mpini kwa msuka, ule mkia mwembamba wa chuma, ukagongewa kwa nyuma. Pete zake hazikulingana. Mzee alizipima kwa njia yake. Hakuwahi kuruhusu mtu atie kidole kwenye pete. Aliviringisha karatasi ikawa bomba jembamba, akaipenyeza tunduni, akaiachia ijifungue yenyewe mpaka ijae, akaweka alama ya kalamu palipokutana ukingo wake. Karatasi moja kwa kila tundu. Alizipanga mezani: ya tundu la karibu na ubapa ilikuwa pana, ile ya mwisho nyembamba sana.

"Kimemiminwa kwa mkono wa mtu mmoja," akasema. "Kidole cha shahada juu, kidogo chini. Pengine ni chenyewe. Pengine ni cha mhuni mmoja wa Cairo mwenye ujuzi. Mie nakipa nusu kwa nusu."

"Tutajuaje?"

"Tukikikata tukatazama ndani. Na nani atakata?"

Alinipa kiwe changu. Kilibaki dukani kwenye droo, kwa kuwa kibali cha silaha kilikuwa chake, lakini kila Ijumaa nilikitoa nikakitazama, nikamkumbuka bibi akikaza fundo la kanga.

Sasa nikujuze mtu aliyelala kitanda cha juu yangu. Alikuwa fundi mwashi wa Tanga, mwenye kifua kipana na mdomo usiotulia. Mimi aliniita Afande wa Lifti, kwa kuwa nililinda jengo ambalo halikuwa na adui ila milango yake. Kazi yake ilikuwa kutoboa na kuchonga zege. Tindo lilikaa mkono wa kushoto, ncha chini, nyundo mkono wa kulia. Alikuwa amelishika hivyo tangu ujana, na ule mkono wa kushoto ulikuwa umejikunja hivyo hata akila, hata akilala. Alisema mwenyewe, "Wa kulia ni punda tu, unagonga. Wa kushoto ndio fundi. Ukiondoka huo, nirudi nyumbani nikauze maji."

Fomeni wao alikuwa mtu aliyetembea na kipande cha nondo. Kiswahili alijifunza kwetu, na tulimfundisha matusi tukicheka, akayatumia yote. Alimpiga mtu mgongoni kwa kuchelewa, mwingine kwa kunywa maji. Mchana mmoja wa joto alimkuta fundi wangu amekaa kivulini akinyoosha vidole, akampiga nondo ya mdomo bila neno. Waliomleta kambini walisema alianguka magoti, akatema mkononi, akayatazama meno yake kana kwamba anayahesabia mtu mwingine. Fomeni akamwambia, "Sasa utakula uji, shenzi. Panda juu ukafanye kazi." Akapanda. Alimaliza siku ile damu ikimchuruzika kwenye vumbi la saruji, ikaganda kifuani kama lami.

Chumbani hatukumtambua. Mdomo ulikuwa umevimba ukafunga pua.

"Twende kwa wakubwa wa kampuni," nikamwambia.

"Walikuwepo. Mmoja alikuwa anakunywa soda."

"Basi ubalozini."

"Afande," akasema, na kwa kukosa meno neno lilitoka na upepo, "unajua nitakachofanya? Nitampiga konzi. Lile la babu yako."

Wenzetu wawili wakacheka, kwa kuwa sote tulizoea mizaha yake. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshamsimulia kila kitu: kondoo, kitako, msuka, mahali droo ilipo. Nilimwambia akimuua mtu katika nchi hii hatarudi Tanga ila ndani ya sanduku, au hatarudi kabisa. Akanipiga bega kwa ule mkono wa kushoto. "Natania. Lala."

Majuma machache baadaye ukuta wa duka ulichuruzika maji ya kiyoyozi, na mzee akaniuliza kama namjua mwashi. Uvimbe ulikuwa umeshuka, mzaha ulikuwa umerudi, nikamleta. Alipiga plasta Ijumaa nzima, akimchekesha mzee kwa habari za Pangani na Muheza, mzee akimwita bwana harusi kibogoyo. Aliondoka kabla yangu akiwa na ndoo yake na matambara. Jioni nilifungua droo nikitazame kisu changu. Kitambaa kilikuwepo. Kisu hakikuwepo.

Nilimpigia fundi simu, haikupokelewa. Niliwapigia wenzetu chumbani. Wakasema fundi hajarudi, nikawaomba wamtafute. Zamu yangu ya usiku ilikuwa inaanza na basi la kampuni lilikuwa linangoja. Nilisimama zamu nzima mbele ya lifti zile nikisikia muwa ukivunjika.

Asubuhi basi liliponirudisha kambini jua lilikuwa limeshatoka na lilikuwa kali. Basi la wajenzi lilikuwa linajaza watu. Fomeni alisimama kwenye ngazi ya mlango na nondo yake, akigusa kila kichwa kinachopanda. Fundi alitokea nyuma ya matangi ya maji, kitambaa kimemzunguka mkono wa kushoto.

"Kibogoyo!" fomeni akamwita. "Leo umekuja na meno mangapi?"

"Nimekuletea yako," fundi akajibu.

Akaachia kitambaa. Nikaona shaba. Na nikaona, kabla ya kitu kingine chochote, kwamba ubapa ulikuwa umetokea upande wa chini wa ngumi, kwenye kidole kidogo. Alikuwa amekivaa kama tindo. Kisu kile kilitengenezwa ubapa utoke juu, kwenye kidole gumba. Yeye alikigeuza, ncha chini, kama mkono wake ulivyozoea tangu ujana. Maana yake kidole chake cha shahada, kinene kama cha mwashi yeyote, kilikuwa kimesukumizwa kwenye lile tundu jembamba la mwisho.

Nilipiga kelele. Hakunisikia. Alimkwida fomeni ukosi kwa mkono wa kulia, akainua wa kushoto juu, akashusha kama anayetoboa zege. Fomeni alijipinda. Ubapa ulipasua fulana na nyama ya bega, ukapita, na ngumi yote na uzito wake wote ikaenda ikapiga nguzo ya chuma ya mlango wa basi.

Sauti ile sikuwahi kuisikia, lakini niliijua. Muwa.

Fundi aliketi chini taratibu. Fomeni, damu ikimfurika mpaka kiwiko, alishuka ngazi akampiga teke la mbavu kwa kiatu cha kazi, na la pili, na la tatu lilimpata shingoni, akiyatumia matusi yetu yote mpaka watu wakamkumbatia wakamvuta nyuma. Mmoja wetu naye alimrukia fomeni akampiga kichwa cha pua, akavutwa vilevile. Damu ya wawili ilichanganyika kwenye mchanga ikawa tope. Wakampakia fomeni kwenye pikapu kwenda kliniki, na mlinzi wa geti alikuwa ameshika simu, anaita polisi na ambulensi.

Nilipiga magoti. "Fundi, fungua mkono."

"Haufunguki, Afande."

Haukufunguka kweli. Pete ya mwisho ilikuwa imepita kifundo cha kidole cha shahada na nyuma yake kidole kilikuwa kimevimba kama mhogo. Kucha zilikuwa zinageuka rangi ya zambarau. Cha kati kilikuwa kimepinda upande usio wake. Ambulensi ingetoka mbali, na rangi ile haikuwa ikingoja.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na gereji, na makanika wake alikuwa Mkenya niliyemzoea kwa salamu tu. Tulimpeleka tukimkokota. Makanika aliutazama mkono, akaweka spana chini.

"Buda, hii ni nini umevaa? Handeli ya mlango?"

"Kisu," nikasema. "Kimemnasa."

"Manze. Na nani alikwambia kisu inavaliwa kama pete ya harusi?"

Fundi alicheka, na kicheko kikageuka kilio. Makanika alijaribu grisi, akajaribu sabuni ya mikono, akavuta. Fundi akanguruma, akauma bega la sare yangu ya ulinzi mpaka kitambaa kikatoboka. Ngozi ya kidole ilianza kuvuka kama soksi. Nikamwambia makanika aache.

"Basi ni moja kati ya mbili," akasema, na sasa mzaha ulikuwa umemtoka. "Nikate hii shaba, ama daktari akate hiyo kidole. Grainda siwezi, itapata moto imchome. Ni msumeno wa mkono. Lakini hii kitu naona ni ya zamani. Ni ya nani?"

"Yangu."

"Nikate?"

Fundi ndiye aliyejibu. "Usikate, Afande. Hiki cha babu yako."

"Babu yangu alifungwa mikono maisha yake yote kwa ajili ya hiki," nikasema. "Tulia. Kata, ndugu yangu."

Tulifunga ubapa kwa matambara, tukaubana kwenye jiliwa, mkono ukakaa juu kama kitu kinachochongwa. Niliushika kwa mikono yangu miwili. Mwenzetu mmoja alimwagia maji. Msumeno uliingia kwenye pete ya mwisho, upande wa nje, na unga wa shaba ukadondoka juu ya viatu vyetu, wa manjano, unang'aa. Makanika alikata pole, akiweka kipande cha bati kati ya meno ya msumeno na ngozi, akimsemesha fundi muda wote: "Ulisema unatoka wapi? Tanga? Machungwa bado iko? Nitakuja unipe gunia." Alikata upande wa kwanza, akakata wa pili. Kipande cha pete kikaruka kikalia sakafuni. Vidole vikatoka kimoja kimoja, vyekundu, vimelowa, na cha shahada kikatoka mwisho. Kucha yake, nilivyokuwa nikiitazama bila kupepesa, ikaacha kuwa nyeusi, ikawa ya kijivu, ikawa na rangi ya mtu.

Polisi walitukuta pale. Hakuna aliyekimbia. Walichukua ubapa na mpini uliokatwa, wakamchukua fundi hospitali chini ya ulinzi. Mzee wa duka alikuja mwenyewe na kibali chake, akaeleza kisu kilivyotoka dukani. Fundi alifungwa kwa muda, kisha akarudishwa kwao. Fomeni alipona akarudi kazini bega likiwa limefungwa. Nondo hakubeba tena. Sijui kama ni kwa kujuta au ni kwa kuwa mkono ulikuwa hauinuki.

Makanika alinihifadhia kile kipande cha pete kilichoruka, ambacho polisi hawakukiona chini ya benchi. Ijumaa iliyofuata nilikiweka juu ya kitambaa cheusi. Mzee alivaa lenzi yake jichoni, akatazama palipokatwa kwa muda mrefu.

"Hakina povu," akasema. "Hakina vitundu. Shaba ya manjano, imejaa, ya maganda ya risasi yaliyoyeyushwa. Wahuni wanachanganya takataka, utaona nyeupe ndani. Mwanangu, kilikuwa chenyewe."

Alivua lenzi. Kisha akauliza, "Na mkono wake?"

"Unafumba."

"Alhamdulillahi," akasema, akanirudishia kipande.

Nilikaa Doha miaka mingine kadhaa, nikajenga mkusanyiko mdogo, wa wastani. Siku moja nikiwa likizo nilikwenda Tanga. Fundi alikuwa anajenga choo cha jirani. Kidole cha shahada cha kushoto kilikuwa kimebaki kigumu, kimenyooka kama cha mtu anayetoa shahada wakati wote, na watoto walimtania kwa hilo. Lakini vile vingine vitatu na gumba vilikuwa vimelishika tindo, ncha chini, na zege lilikuwa linatii. Alinitengea kiti. Nilimwonyesha kile kipande cha pete. Alikivika juu ya ncha ya kidole kidogo, kikakaa bila shida, akakitoa haraka.

Basi, wewe uliyekaa ukinisikiliza, huenda siku moja mtu atakuwekea mkononi kisu cha ngumi akakwambia ni cha Mwingereza, na vidole vyako vitataka kuingia vyenyewe, maana kila mtu vyake hutaka. Kiweke mezani juu ya kitambaa. Viringisha karatasi iwe bomba jembamba, ipenyeze kwenye tundu la kwanza, iachie ijifungue, weka alama ya kalamu. Fanya hivyo kwa kila tundu, kwa karatasi yake, kisha zipange kuanzia upande wa ubapa. Kidole usitie.